Jumba la twiga Nairobi: lilikuwa la nani kabla halijawa hoteli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhoteli hapa Moshi. Darasa zima tumeiona ile picha ya hoteli ya Nairobi, twiga ameingiza kichwa dirishani na mgeni anaendelea na chai yake. Mwenzangu anashikilia kwamba jumba lile lilijengwa kwa ajili ya biashara hiyo tangu mwanzo, na madirisha yakapimwa kwa shingo ya twiga. Mimi nasema ni nyumba ya zamani ya mzungu. Nani mkweli? Na kama ilikuwa nyumba ya mtu, iligeukaje hoteli, na twiga walitoka wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ubishi umeshinda wewe, ila usimcheke sana mwenzako, kwa sababu ukitazama zile picha utaapa kwamba fundi alimpima twiga kwanza ndipo akachora dirisha. Twiga dume akisimama wima hupita mita 5, na dirisha la ghorofani katika nyumba ya kawaida liko usawa huo huo. Jumba lilitangulia, twiga hawa wa dirishani wakaletwa miaka 42 baadaye, na vipimo vikakubaliana vyenyewe.

Hoteli unayoisema ni Giraffe Manor. Iko Lang'ata, ubavuni mwa Karen, kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi. Ilijengwa mwaka 1932 kuwa makazi ya Sir David Duncan, ambaye husimuliwa kuwa wa ukoo wa Mackintosh, wale waliotajirika kwa kuuza tofi. Biashara yao ilianza na kiduka katika mji wa Halifax, Uingereza, mwaka 1890. Ndiyo, tofi hiyo hiyo tunayowanunulia watoto. Duncan alikuwa na ekari 150 hivi, zikishuka mpaka Mto Mbagathi, na katikati yake akasimamisha jumba la ghorofa alilolichora kwa mfano wa nyumba za kuwindia za Uskoti.

Hapo simama kidogo, maana wengi hulipita hilo haraka. Nyumba ya kuwindia ya Uskoti ilikuwa nyumba ya tajiri huko milimani, ambako yeye na wageni wake walilala baada ya kutwa nzima ya kuwinda kulungu. Ina mapaa yaliyosimama wima, mabomba ya moshi, sebule kubwa yenye meko, na vyumba vingi vya kulala kwa sababu mwenye nyumba hakuwa akija peke yake. Kumbe tangu siku ya kwanza ramani ile ilikuwa ya nyumba ya kupokea wageni, kasoro bili tu. Na usidhani meko yalikuwa maringo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na aliyelala Lang'ata mwezi wa Julai bila blanketi la pili anajua ninachosema.

Sasa tazama mwaka wenyewe. Mwaka 1932 dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka. Jirani wa pale, Mdenmark Karen Blixen, alikuwa amelipoteza shamba lake la ekari 6,000 mwaka mmoja tu nyuma, 1931. Kahawa ilikuwa imepandwa mahali pa juu mno, ardhi haikuikubali, na madeni yakamaliza kazi. Mnunuzi akalikata shamba viwanja na kuwauzia Wazungu waliotaka kuishi nje kidogo ya mji. Huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen. Kwa hiyo wakati mmoja anafungasha masanduku kurudi Denmark, mwingine alikuwa anaita mafundi.

Mwaka huo huo wa 1932 serikali ya Uingereza iliunda tume ya ardhi ya Kenya chini ya Morris Carter, kwa sababu malalamiko ya Waafrika walionyang'anywa ardhi yalikuwa yamefurika. Wamaasai walikuwa wameshasukumwa na mikataba miwili, wa 1904 na wa 1911. Nyanda za juu zilikuwa zimetengwa kwa Wazungu. Ninalisema hili kwa sababu ekari 150 za mtu mmoja kando ya mji mkuu hazikununuliwa kwa fedha ya tofi peke yake. Sheria ilikuwa imeshamfagilia njia. Habari za majumba haya huanza na vyombo vya fedha na picha za ukutani. Mimi hupenda kuanza na hati ya kiwanja. Ukifanya hivyo kwa jumba hili utaona kwamba karibu kila lilipobadilisha maisha, chanzo kilikuwa ardhi, ya pale pale au ya mbali.

Waliolijenga kwa mikono yao hawamo kwenye vipeperushi. Katika Nairobi ya miaka ile kazi ya mawe na ya mbao ilikuwa mikononi mwa mafundi wa Kihindi, na wabebaji na vibarua walikuwa Waafrika wenye kipande shingoni, yaani cheti cha kazi walicholazimishwa kubeba. Mgeni wa leo anapopiga picha ya ngazi, anapiga picha ya kazi yao.

Baada ya uhuru wa 1963 walowezi wengi waliuza wakaondoka. Jumba lilinunuliwa miaka ya 1960 na mwekezaji wa pale pale Kenya, akawa analipangisha kwa huyu na yule, mwisho likabaki tupu na kuanza kuchakaa. Hapa sina mengi ya kukuambia, ila kama mtu wa hoteli ujue jambo moja. Nyumba kubwa iliyofungwa huharibika upesi kuliko nyumba inayokaliwa. Majani huziba mifereji ya paa, mvua ya Aprili hukosa pa kwenda, maji hushuka ukutani, mbao hulowa, mchwa hupata habari. Miaka mitatu yatosha. Ukiona jumba la zamani linauzwa rahisi, mtaji wako halisi utakwenda kwenye paa na mabomba, mapazia yatangoja.

Mwaka 1974 ndipo walipokuja Jock na Betty Leslie-Melville. Jock alikuwa Mkenya mwenye asili ya Uskoti, mjukuu wa lodi wa huko. Betty alikuwa Mmarekani kutoka Baltimore. Walipolinunua, ndani ya eneo mlikuwa na madume watatu wa twiga wa porini, wenye kuja na kuondoka watakavyo. Kumbuka kwamba Lang'ata imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na wakati ule nyumba zilikuwa chache. Hao hawakuwa twiga wa kwenye picha yako. Wa kwenye picha walitoka mbali zaidi, na kisa chao ndicho kiini cha hoteli.

Kenya ina aina tatu za twiga. Yupo Twiga Masai, huyu wetu wa Tanzania ambaye mabinti wa timu ya taifa wamechukua jina lake. Yupo wa kaskazini mwenye madoa kama wavu uliotandazwa. Wa tatu ni Twiga Rothschild, aliyepewa jina la lodi Mwingereza, mpenzi mkubwa wa elimu ya wanyama kutoka ukoo wa wenye mabenki. Utamtambua kwa miguu: kuanzia magotini kushuka hana madoa, kama amevaa soksi nyeupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wale wa Kenya walikuwa wamebaki kama 130 tu, na karibu wote waliishi katika ranchi moja ya ekari 18,000 huko Soy, karibu na Eldoret.

Ranchi hiyo ilikuwa inakatwa. Serikali ilikuwa ikinunua mashamba makubwa ya walowezi na kuwagawia wananchi wasio na ardhi, na zamu ya Soy ilikuwa imefika. Twiga mmoja hula majani na vitawi hadi kilo 30 hivi kwa siku na haheshimu ua. Mkulima wa ekari chache hawezi kuishi naye.

Simulizi ya kawaida hapa husema wanandoa wawili waliokoa twiga, na ni kweli walifanya hivyo. Ila sipendi inavyomwacha nje yule aliyepewa kiwanja Soy, kama kwamba ndiye adui. Huenda babu yake alifukuzwa pale ili ranchi iwepo, na yeye alikuwa amengoja tangu bendera ilipopandishwa. Twiga na mkulima walikuwa wakidai shamba moja, na mkulima alikuwa na haki. Ubaya ni kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa ametenga pa kumpeleka yule mwingine.

Leslie-Melville walimchukua mtoto mmoja, jike, wakamwita Daisy. Mbona mtoto? Kwa sababu kumsafirisha twiga mkubwa ni kazi ya kufa mtu. Akipigwa sindano ya usingizi na kulala vibaya anaweza kufa, maana moyo wake umezoea kusukuma damu mita mbili kwenda juu, na kwa shingo ile akilala chakula hupanda kutoka tumboni kikamkaba. Hata akiwa mzima kwenye lori, barabara ina nyaya na madaraja. Daisy alikuwa na urefu wa karibu futi 8, yaani bado mchanga lakini tayari hapiti mlango wa chumba chako, na kutoka Soy hadi Lang'ata ni zaidi ya kilomita 300. Alifika, akanyonyeshwa maziwa kwa chupa, akamfanya Betty kuwa mama yake. Akafuata mwenzake wa kiume, akaitwa Marlon kwa jina la mwigizaji Brando. Betty aliandika kitabu juu ya Daisy, na mwaka 1979 ikatoka filamu ya televisheni Marekani.

Filamu hiyo ilizidisha macho ya watu na fedha. Wanandoa hao walianzisha mfuko wa wanyama walio hatarini kutoweka, AFEW, na makundi ya twiga kutoka Soy yakahamishiwa Ziwa Nakuru, Ruma, Nasalot na Mwea. Waliopelekwa Nakuru walikuwa wameshafika mwaka 1977, mwaka ule ule Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa burudani. Tazama kichekesho chake: nyumba iliyochorwa kwa mfano wa kambi ya wawindaji sasa ndiyo ilikuwa inakimbiza wanyama wasiuawe. Huko Nakuru penyewe mambo hayakuwa mteremko. Hifadhi ina uzio, twiga wakaongezeka, wakaguguna magome ya migunga hadi miti ikafa, na baadaye idadi yao ikashuka tena. Kumhamisha mnyama ni hatua ya kwanza tu.

Mwaka 1983 wakafungua kituo cha twiga kando ya jumba, Giraffe Centre, hasa ili watoto wa shule wa Kenya waje kuona na kujifunza. Watoto wengi wa Nairobi wa wakati ule walikuwa hawajamwona twiga ila kwenye kitabu. Safari za mbugani zilikuwa za watalii.

Kisha, 1984, Jock akafariki. Sasa Betty ana jumba la vyumba vingi, ana twiga wa kulisha kila siku, ana mfuko unaohitaji fedha, na wageni maarufu wa Marekani wanapita mara kwa mara kulala bure kama marafiki. Akaamua waliokuja walipe. Mwaka huo huo wa 1984 nyumba ikaanza kupokea wageni wa kulipia. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Hakuna bodi iliyokaa ikaandika mpango wa biashara. Mjane alifungua milango ya vyumba alivyokuwa navyo, na kivutio alichouza kilikuwa tayari ni tabia ya nyumbani kwake, yaani twiga kupitisha shingo dirishani kuomba chakula mezani.

Nami ninadhani ndiyo maana hoteli ile imefanikiwa pale ambapo wengi wanaoiiga wameshindwa. Twiga hafundishwi kuja kwenye dirisha la kifungua kinywa kwa wiki mbili. Ni vizazi vya twiga waliozaliwa pale, ambao mama zao walizoea nyumba ile na mikono ile, na kila asubuhi wanakuja wakijua kuna punje za chakula kwenye bakuli. Ulimi unaotoka ni wa kijivu-zambarau, karibu sentimita 45. Na bado ni mnyama wa porini. Akikosa subira hukupiga kichwa, na kichwa cha twiga ni silaha ambayo madume hupigania wake. Wahudumu wa pale hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kubeba trei.

Kwa kuwa unasomea kazi hii, ngoja nikutoe nje ya historia kidogo. Nyumba ya mtu ikigeuzwa hoteli huja na zawadi na mzigo. Zawadi ni kwamba jiko kubwa lipo, sebule ipo, bustani ya miaka 50 ipo, na hakuna mhandisi awezaye kukujengea miaka 50 kwa mkopo wa benki. Mzigo ni kwamba vyumba havilingani. Kimoja kilikuwa cha bwana, kina dirisha la mashariki na bafu lake. Kingine kilikuwa cha mtoto na bafu liko mwisho wa korido. Mgeni anayelipa hataki kutembea na taulo koridoni, basi unavunja kuta kuingiza bafu, na ukuta wa zamani una siri zake. Tena vyumba ni vichache. Giraffe Manor ya asili ilikuwa na vyumba sita tu. Mishahara ya wapishi, walinzi na watunza bustani haipungui kwa sababu vyumba ni sita, hivyo bei ya chumba lazima ipande mno au nyumba ife. Ndiyo sababu ya ile bei inayowashangaza watu mtandaoni. Mwaka 2009 jumba lilinunuliwa na Mikey na Tanya Carr-Hartley, wenye kampuni ya The Safari Collection. Baadaye likaongezwa jengo la pili kwa mtindo ule ule bustanini, vyumba vikafika 12. Ukipita haraka hutajua lipi ni la 1932 na lipi ni la juzi.

Chumba kimoja kina jina la Karen Blixen, yule jirani aliyeondoka 1931. Nyumba yake mwenyewe ilichukua njia nyingine: serikali ya Denmark iliinunua na kuikabidhi Kenya wakati wa uhuru, na tangu 1986 ni makumbusho. Majumba mawili ya ukanda mmoja, moja unalipia tiketi na kutoka jioni, jingine unalipia kitanda. Na mwaka 1985 ilitoka filamu kubwa juu ya maisha ya Blixen, ikawafanya watalii wa Ulaya na Marekani watamani kulala katika nyumba kama ile. Betty alikuwa amefungua mlango mwaka mmoja tu kabla. Bahati nayo ni mtaji.

Usidhani ni jumba hili pekee. Kule Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kulikuwa na nyumba iliyoitwa Mawingo, ya Mmarekani tajiri Rhoda Lewisohn na mumewe rubani Mfaransa. Baada ya vita Abraham Block, mfanyabiashara wa hoteli, aliichukua akaifanya hoteli 1948. Mwaka 1959 mwigizaji William Holden na wenzake wakainunua wakaiita Mount Kenya Safari Club. Pale hesabu za biashara zilitangulia na wanyama wakafuata. Lang'ata ilikuwa kinyume chake. Na kwenu huko Kaskazini, ukipanda Karatu kuelekea Ngorongoro, iko Gibb's Farm, nyumba ya shamba la kahawa ya mwaka 1929 iliyoanza kulaza wageni 1972. Mwalimu wako akikupa kazi ya mradi, nenda hiyo, iko karibu, na kahawa bado inalimwa.

Zile ekari 150 za Duncan? Jumba lenyewe sasa linakaa kwenye ekari 12, ndani ya msitu wa asili wa ekari 140 hivi, na pembeni mwake Karen na Lang'ata zimejaa nyumba, shule na maduka makubwa. Twiga wa Soy walikimbia kukatwa kwa shamba wakaja kukutana na kukatwa kwa viwanja. Mpaka wa msitu ule ndio ningeutazama kwa jicho kali zaidi kuliko paa la jumba.

Ukija Nairobi kwa mafunzo ya vitendo usihangaike na bei ya chumba. Nenda Giraffe Centre kama watoto wa shule, ukate tiketi, upande kwenye jukwaa la mbao ambalo limeinuliwa hadi usawa wa kichwa cha twiga, upewe konzi ya punje. Nenda asubuhi, lakini usiwahi mno. Kutoka jukwaani utaliona jumba ng'ambo ya miti, mapaa yake yamechongoka. Kama wakati huo jukwaa halina twiga hata mmoja, usiulize wamekwenda wapi. Wageni wa hoteli bado wako mezani.